Tupime Kabla ya Kutoa
(Maneno ya Kamati ya Mikopo siku ya sherehe ya miaka kumi ya kikundi)



 Tulianza na daftari moja na sanduku la kufuli tatu. Leo wengine watasema juu ya hisa na mashine ya kusaga. Sisi wa Kamati ya Mikopo tumeomba tuseme juu ya jambo lililotunyima usingizi kuliko yote: mkopo wa kumsomesha mtoto udaktari.

Mwaka 2024 mwenzetu mmoja, ambaye ameturuhusu tuyaseme haya bila jina lake, alileta ombi la shilingi milioni nne. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha sita. Fizikia D, Kemia D, Baiolojia C. Kwa hesabu ya A kuwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, hizo ni alama 7. Si za kushindwa, wala si za kutamba. Aliomba udaktari vyuo vya ndani, awamu ya kwanza hakuchaguliwa, ya pili hakuchaguliwa. Hapo ndipo wakala alipobisha hodi na karatasi nzuri ya rangi: chuo cha ng'ambo, masomo kwa Kiingereza, hakuna mtihani wa kuingilia, nafasi zimebaki chache, malipo ya awali kabla ya Ijumaa.

Jamani, hiyo Ijumaa ndiyo iliyotushtua. Anayekuuzia ng'ombe mzima hakukatazi kumfungua mdomo uhesabu meno.

Na sisi tulikuwa na kidonda tayari. Mwaka 2019 tulimkopesha mwenzetu mwingine, kijana wake akaenda kusoma udaktari Ukraine. Tulishangilia, tukapiga vigelegele, tukavaa sare. Tarehe 24 Februari 2022 vita ikaingia, kijana yuko mwaka wa tatu. Alivuka mpaka kuingia Poland na begi moja la mgongoni. Tunamshukuru Mungu kwa uhai wake. Lakini chuo cha nyumbani kilichompokea kilimrudisha nyuma, na mama yake alilipa deni letu kwa kuuza maandazi hadi mwaka jana. Hakuna kati yetu aliyejua vita itakuja, na hatumlaumu mtu. Tunachojilaumu ni kwamba siku ile hatukuuliza swali hata moja.

Kwa hiyo safari hii tulikaa vikao vitatu, tukatuma watu wakaulize, tukajifunza haya ambayo tunaona yafaa kila mzazi ayajue.

Kwanza, sifa ya chini si kiti. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa mwongozo kila mwaka wenye alama za chini za kila kozi. Mtoto anaweza kuzifikia na bado akakosa, kwa sababu viti ni vichache na wenye alama za juu wanatangulia. Muhimbili kila mtu anaikimbilia. Lakini wako pia KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Chuo Kikuu cha Dodoma, na vya binafsi kama Kairuki pale Dar es Salaam. Binti yetu alikuwa ameomba viwili tu, vile vyenye majina makubwa. Kukosa mahali pawili si kukosa nchi nzima.

Pili, hesabu ya fedha ipigwe mpaka mwisho. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu si wa uhakika kwa kila mtu, lakini aliyeko chuo cha ndani anaweza kuuomba. Anayejipeleka mwenyewe nje asiutegemee. Karatasi ya wakala ilionyesha ada ya mwaka mmoja tu. Tukaongeza nauli, viza, bima, bweni, chakula, koti la baridi, tukazidisha kwa miaka sita. Na ada ni ya dola, wakati mama anauza dagaa kwa shilingi. Milioni nne ilikuwa ni mlango tu, nyumba yenyewe hatukuiweza.

Tatu, lugha. Nchi kama China zina vyuo vinavyofundisha udaktari kwa Kiingereza. Sawa. Lakini mgonjwa wodini hasemi Kiingereza. Mwanafunzi asiyejua Kichina atamuulizaje bibi kizee tumbo linauma wapi? Ni lazima ajifunze lugha kwa bidii pamoja na masomo, la sivyo atarudi na vitabu kichwani na mikono mitupu. Tukumbuke pia mwaka 2020, China ilipofunga mipaka kwa sababu ya korona. Wanafunzi waliokuwa nje ya nchi ile wakakaa zaidi ya miaka miwili wakisoma kwenye simu. Udaktari wa kwenye simu, jamani, nani atakubali kupasuliwa nao?

Nne, kurudi nyumbani. Shahada ya nje haikufanyi daktari wa hapa kwa kushuka tu uwanja wa ndege. TCU inapaswa kuitambua, na Baraza la Madaktari Tanganyika lina masharti yake kabla ya mtu kuandikishwa na kutibu. Yapo na mafunzo ya utarajali. Kwa hiyo kabla ya kwenda, uliza TCU kama chuo kile kinatambuliwa, chukua barua yao ya kutokuwa na pingamizi, na muulize wakala kama amesajiliwa kwao. Jina la chuo kuwamo katika orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari ni vizuri, lakini orodha ile inaonyesha kwamba chuo kipo, haithibitishi ubora wake.

Tuseme na upande wa pili, tusije tukaonekana tunawafungia watoto ndani. Wapo waliosoma nje wakarudi madaktari hodari, na mmoja alimzalisha mjukuu wa Katibu wetu salama salimini. Mwenye alama nzuri, mfadhili wa kweli na chuo kinachotambulika, aende kwa baraka zetu. Tunayemwogopea ni yule anayeondoka kwa sababu tu huko hawakumuuliza alama. Chuo kisichouliza unapoingia, kuna siku mtu mwingine atauliza, na siku hiyo utakuwa umeshamaliza fedha.

Tano, njia ya ngazi. Binti wa alama 7 alikuwa na milango mingine: kurisiti Fizikia na Kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea, kuomba shahada nyingine za afya kama uuguzi au maabara, ambazo wala si majalala ya walioshindwa udaktari, au kusoma stashahada ya utabibu miaka mitatu. Akimaliza hiyo na kusajiliwa anaweza kufanya kazi zahanati au kituo cha afya, na akifaulu vizuri anaweza kuomba shahada ya udaktari ya miaka mitano. Ni ndefu, hatufichi. Mitatu na mitano ni minane, na utarajali mwaka mmoja, tisa. Lakini ukichoka katikati ya ngazi hii, unakuwa umesimama kwenye kipandio, hujaanguka.

Sasa mtauliza, tuliamuaje? Kura zilikuwa nne kwa tatu. Tuliukataa mkopo wa nje, tukakubali shilingi milioni moja na nusu ya kuanzia stashahada hapa nchini. Haikuwa raha. Binti alilia, akasema akina mama wa sanduku wamemfungia maisha. Mama yake hakuja vikao viwili. Na tuwe wakweli, baadhi yetu tuliopiga kura ya kumpeleka nje, moyoni tulitaka kikundi chetu kisikike kwamba kina mtoto ng'ambo. Na baadhi yetu tuliokataa, tuliogopa zaidi sanduku kuliko tulivyompenda mtoto. Yote mawili ni makosa, tumeyaungama.

Leo binti yuko mwaka wa pili. Likizo iliyopita alikuja kwenye kikao, akatupima presha mmoja mmoja, akamkemea Mweka Hazina kwa chumvi. Kama atafika udaktari hatujui, wala hatutaki kujisifu mapema. Mama yake amerudi, ameketi pale mstari wa pili, na rejesho lake halijachelewa hata mwezi mmoja.

Tangu hapo tumeweka kanuni tatu za mkopo wa elimu. Hesabu ya miaka yote iletwe mezani. Uthibitisho wa TCU uonekane kwa macho. Na mtoto mwenyewe aje aseme kwa kinywa chake anataka nini, maana tuligundua kikao cha tatu ndipo tulipomuuliza.

Ndugu wageni, miaka kumi hii tumejifunza kwamba fedha ya sanduku ni jasho la mwenzako. Kumpa mtu upesi si lazima iwe ni kumpenda. Tupime kwanza, tukishapima tutoe kwa mikono miwili.

 Mungu akibariki kikundi chetu na watoto wetu.