Mnyonge Ana Haki



Mwaka 1990 vibanda vya Muoroto, Nairobi, vilibomolewa. Mwaka 1996 wakazi wa mitaa ya mabanda waliunda Muungano wa Wanavijiji. Walianza kwa kulinda paa. Wakafika kwenye kuhoji sera. Julai 2018 barabara ilipopitishwa Kibera, maelfu walibaki bila makao. Nyumba na barabara ni kesi moja: afukuzwaye mbali na kazi hulipia matatu kwa fedha ya unga, ama hutembea.

Wahenga walisema mnyonge hana haki. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kimewakanusha: makao ni haki. Lakini sheria haijisemei. Basi tusingoje tingatinga mlangoni. Tuhudhurie vikao vya bajeti, tudai kuonyeshwa ramani mapema.