Uwele, Dengu na Moto wa Ndani

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani siku ya maadhimisho ya hekalu letu, Shinyanga



Tumeombwa tuseme machache juu ya afya. Sisi si tabibu. Elimu yetu iliishia sekondari, na umri wetu wote tumeupitisha nyuma ya mizani, tukiuza sukari, unga wa ngano, mchele na mafuta. Huenda wengine wanajiuliza muuza sukari ana uso gani wa kusimama hapa na kuhubiri juu ya kisukari. Swali hilo ni halali, nasi tutalirudia.

Mwaka 1991 Daktari Kaushik Ramaiya na wenzake, miongoni mwao Daktari Andrew Swai na Profesa Donald McLarty, walichapisha katika jarida la British Medical Journal matokeo ya uchunguzi wa Wahindu wa Dar es Salaam. Walipima watu zaidi ya elfu moja kutoka jumuiya saba, yaani sisi wenyewe, shangazi zetu na wajomba zetu. Kisukari na viashiria vya maradhi ya moyo vilionekana kwa wingi, na kiwango kilitofautiana kutoka jumuiya moja hadi nyingine. Miaka miwili kabla ya hapo, Profesa McLarty na wenzake walikuwa wametoa katika jarida la Lancet matokeo ya vijiji sita vya Tanzania. Huko wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila watu wazima mia. Nchi ni moja, lakini jembe na sahani vilikuwa tofauti.

Majirani zetu wasije wakadhani jambo hili ni la Wahindi peke yao. Vijiji vile vilipimwa zamani. Leo nendeni Kahama, nendeni Geita mjini, piteni Nyarugusu jioni mtazame vibanda. Dhahabu imeleta fedha, na fedha imeleta chipsi mayai, soda, maandazi na vinywaji vya kuongeza nguvu. Kijana aliye ndani ya shimo anaviunguza kwa sururu. Lakini mwenye shimo, mnunuzi wa dhahabu, dereva wa gari kubwa, karani na sisi wenye maduka tunakula vilevile huku tumekaa kitini.

Madaktari wana jina kwa hali inayotokea: sindromu ya metaboliki. Si ugonjwa mmoja, bali ni mambo matano yanayopenda kutembea pamoja: kiuno kipana, shinikizo la damu kuanzia 130 juu au 85 chini, sukari ya asubuhi kabla ya kula kuanzia 5.6, mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi kupanda, na mafuta yale mema, HDL, kushuka. Mtu akiwa na matatu kati ya hayo, huhesabiwa kuwa ameingia. Kwa mwanamume mwenye asili ya Bara Hindi, kiuno huhesabiwa kipana kuanzia sentimita 90. Kwa Mwafrika, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limetumia 94. Kwa mwanamke wa pande zote mbili, 80. Fundi wetu wa nguo aliujua ugonjwa huu kabla ya daktari, ila kwa adabu alinyamaza na kuongeza kitambaa.

Sasa moto wa ndani ni nini? Mtu akichomwa na mwiba, mahali pale huwa pekundu, hupata joto, huvimba na huuma. Hao ni askari wa mwili wamefika kazini, na kazi ikiisha huondoka. Jambo hili kitaalamu ni inflamesheni. Lakini mafuta yakijaa tumboni kupita kiasi, chembe zake hufura, askari wale huitwa, wakafika na wasiondoke. Kila siku humwaga kemikali kidogo kidogo katika damu. Kemikali hizo huizuia insulini isifanye kazi yake na huharibu kuta za mishipa. Hakuna maumivu, hakuna homa. Mtu anauza duka lake, anacheka na wateja, na moto unaendelea chini ya majivu.

Je, chakula kinaweza kuupunguza? Mwaka 2004 Profesa Katherine Esposito na wenzake wa Naples, Italia, walitoa matokeo ya watu 180 wenye sindromu hii. Nusu yao walielekezwa kwa makini kula nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda, karanga za kwao na mafuta ya zeituni. Nusu nyingine walipewa ushauri wa kawaida. Baada ya miaka miwili viashiria vya inflamesheni vilishuka katika kundi la kwanza. Kati ya watu 90 wa kundi hilo, waliobaki na sindromu walikuwa 40; katika kundi la pili walibaki 78.

Mtasema, Naples ni mbali. Basi twende Moshi. Mwaka 2025 Daktari Godfrey Temba, Profesa Quirijn de Mast na wenzao walichapisha katika Nature Medicine jaribio la vijana wanaume 77 wa Kaskazini mwa Tanzania, wote wakiwa wazima wa afya. Waliozoea vyakula vya kijijini walihamishiwa kwenye vyakula vya kizungu kwa wiki mbili tu: uzito ukaongezeka, viashiria vya inflamesheni vikapanda, na askari wa mwili wakawa wazito kupambana na vijidudu. Wa mjini waliorudishwa kwenye ndizi, maharage na mboga za majani walipata kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Kundi lingine lilikunywa mbege kwa wiki moja, nalo likapata nafuu ya namna hiyo. (Tunaona vijana wanatabasamu. Mbege ni pombe, na hapa ni hekaluni, mtindi unatosha.)

Hapo ndipo tulipowakumbuka bibi zetu. Chakula cha wazee wetu kule Kathiawar na Kutch kilikuwa rotlo wa bajri, tui la mtindi lililopigwa likawa jepesi, na kitunguu saumu. Bajri ni nini? Ni uwele, uleule ambao Wasukuma walisongea ugali na kuula kwa mgagani na maziwa mgando. Na wataalamu wa mimea wanatuambia kwamba uwele na mtama asili yake ni Afrika. Vilivuka kwenda Bara Hindi maelfu ya miaka iliyopita. Kwa hiyo nafaka ya Afrika iliwalea babu zetu huko Gujarat, kisha wao wakapanda jahazi kuja Afrika, wakafungua maduka, wakapata fedha, wakaanza kula ngano nyeupe. Nasi tumeendelea.

Tazameni pia dengu na choroko. Mkoa huu unazilima kwa wingi, na magunia yetu huenda mpaka India. Tunapakia magari, tunapokea malipo, kisha tunapita kibandani kununua chipsi. Nyuzinyuzi za dengu na za nafaka isiyokobolewa huwa chakula cha bakteria wema wa utumbo, nao hutengeneza asidi zinazowatuliza askari wale. Unga uliokobolewa mno hauna kitu cha kuwapa.

Na tuseme kweli juu ya ibada zetu. Siku ya Ekadashi tunaacha nafaka, halafu tunakula viazi vya kukaanga, sabudana yenye mafuta na vitamu vya maziwa, hata jioni tumeshiba kuliko siku ya kawaida. Wazee waliotuachia mfungo huo hawakuwa na karai la mafuta likichemka tangu alfajiri.

Sasa lile swali la muuza sukari. Ndiyo, tumeuza na bado tunauza. Hatuwezi kujifanya hatukufaidika. Mwaka huu tumeanza kuweka gunia la uwele na la dengu mbele ya mlango wa duka, mahali sukari ilipokuwa. Faida yake ni ndogo. Mtoto wetu hakupendezwa na hesabu hiyo, na mjadala nyumbani haujaisha.

Wenye dawa wasiziache kwa sababu ya maneno yetu. Chakula hufanya kazi pamoja na dawa, na atakayezipunguza ni daktari wenu.

Kamati imekubali, baada ya mabishano marefu kuliko ya ujenzi wa ukumbi, kwamba chakula cha leo kiwe rotlo wa uwele, dengu, mgagani na mtindi. Jalebi ipo, lakini ni moja kwa kila mtu, na anayeigawa ameonywa. Muuguzi amekaa karibu na rafu ya viatu akiwa na utepe na kipimo cha shinikizo la damu. Tumeombwa tutangulie, na tutatangulia. Wanakamati wote wafuate, kisha majirani, halafu sote twende mezani.