Kabla ya Rufaa Kuna Bahasha

 

Mimi ni mtoto wa Misunkumilo, Mpanda. Kwa wasiopajua, panda treni Tabora. Ukifika Kaliua, njia ya Kigoma inaendelea mbele, wewe unakunja kushoto mpaka reli inapoishia. Hapo ndipo Mpanda, makao makuu ya mkoa wa Katavi, na Misunkumilo ni mojawapo ya kata zake.

Kazi yangu hapa Maryland, Marekani, ni ukalimani wa mahakamani. Nakaa pembeni ya Mswahili mwenzangu, namnong'oneza anachosema jaji, kisha nasema kwa Kiingereza anachojibu yeye. Nimekula kiapo, kwa hiyo ya watu niliowatafsiria hamtayasikia kwangu. Nitasimulia ya marehemu baba yangu, na ya shauri moja kubwa ambalo hukumu zake ziko wazi kwa yeyote.

Baba alikuwa na majaruba ya mpunga. Msimu mmoja jirani akasogeza mpaka, kama hatua nne hivi. Baba akaenda baraza la kata. Wajumbe hawakumwuliza karatasi. Walimsikiliza, wakamsikiliza na jirani, halafu wote wakaondoka kwa miguu kwenda shambani, nasi watoto nyuma. Mpaka ulikuwa mstari wa minyaa aliyoipanda babu, na mingi ilikuwa imeshang'olewa. Mjumbe mmoja mzee akaomba jembe. Akasimama, akakadiria kwa macho kutoka mnyaa uliobaki, akapiga hatua, akachimba. Mara ya kwanza hakupata kitu. Mara ya pili akatoa kisiki kilichooza nusu, bado kina mizizi, akakinyanyua juu tukakiona wote. Jirani akasema, "Nimeona." Jioni ile yeye na baba walinawa mikono katika beseni moja.

Baba hakukipeleka kile kisiki barazani. Hakujua hata kama kipo. Baraza ndilo lililomtafutia. Nami nikapanda ndege kuja Marekani nikiwa na imani hiyo kichwani, kwamba ukiwa na haki yako, ukafika mbele ya watu wazima wenye busara, wataitafuta mpaka waione. Hata nyumbani mambo yamebadilika. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021, baraza la kata linasuluhisha tu, siku 30, na likishindwa shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini imani ile bado tunayo wengi wetu, na inatuumiza hapa. Jaji wa Marekani hatakuchimbia kisiki. Atapima ulichomletea wewe na alichomletea mwenzako, basi.

Sasa njooni kwenye lile shauri. Tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, mabomu yalilipuka kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi na ule wa Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Wengi wa waliokufa walikuwa watu wetu: madereva, walinzi, makarani, wapita njia. Mwaka 2001 kesi ya madai ikafunguliwa Washington, na nyingine zikafuata, mamia ya wafanyakazi wa balozi zile na jamaa zao wakidai fidia kwa Sudan na Iran kwa kuwasaidia al-Qaeda. Jengo la mahakama lipo Constitution Avenue. Ukipanda treni ya mstari mwekundu hapo Silver Spring, unashuka Judiciary Square, unatembea dakika chache. Ndani ya jengo hilohilo kuna mahakama ya wilaya ya shirikisho, inayosikiliza mashahidi, na mahakama ya rufani, isiyosikiliza shahidi hata mmoja.

Iran haikufika. Sudan ilituma mawakili, ikaweka mapingamizi, kisha mawakili wakajitoa na Sudan ikanyamaza. Nchi nzima, yenye wizara ya mambo ya nje na ubalozi mjini humohumo, ikanyamaza. Shauri halikuisubiri. Hata hivyo jaji hakutoa hukumu ya upande mmoja kwa kuangalia kiti kitupu tu. Sheria ya kuzishtaki nchi za nje inataka mdai athibitishe dai lake hata kama mdaiwa hayupo, kwa hiyo Oktoba 2010 mashahidi wakaitwa, wataalamu wakahojiwa, na mwaka 2011 Jaji John Bates akaamua kwamba Sudan na Iran zinawajibika. Kwa vipimo vya madai, ndugu zangu, hakuna anayedaiwa ithibati isiyoacha shaka kama kwenye jinai. Kinachoulizwa ni upande gani mzani umelalia, hata kama ni kidogo.

Likabaki la kiasi. Kwa waliofiwa, mahakama za Washington zilikuwa na viwango vyake vya maumivu ya moyo: mume au mke dola milioni 8, mzazi milioni 5, ndugu milioni 2.5. Nilipozisoma zile hukumu, neno "ndugu" lilinisimamisha. Kwetu mtoto wa baba mkubwa ni ndugu. Mama mdogo ni mama. Shangazi aliyekulea tangu unaachishwa ziwa, ambaye ndiye aliyekuvalisha sare ya shule, utamwita nani? Sheria ya hapa inaanza na tumbo na ndoa, na wa nje ya hapo anabeba mzigo wa kuonyesha kwamba kweli aliishi kama mzazi au mtoto. Sisemi wamekosea, maana mpaka lazima uwekwe mahali. Lakini familia ya Kiafrika inayojieleza kwa mkato mbele ya mahakama hii inajipunguza yenyewe, mtu mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 2014 hukumu za mwisho zikatoka. Jumla ilizidi dola bilioni 10, kati yake zaidi ya bilioni 4 zikiwa fidia ya kuadhibu. Hapo ndipo Sudan ikaamka, ikaajiri mawakili, ikakata rufaa.

Nawaomba tukae hapa kidogo, kwa sababu wengi wetu tunadhani rufaa ni kuanza upya. Mahakama ya rufani ina majaji watatu mezani. Hakuna shahidi, hakuna kiapo, hakuna karatasi mpya. Mbele yao kuna mwenendo wa shauri, yaani kila neno lililosemwa kule chini na kila hati iliyopokelewa, pamoja na hoja za maandishi za mawakili. Swali la sheria wanaliangalia kwa macho yao wenyewe. Swali la ukweli, nani alifanya nini, wanamwachia jaji wa chini aliyewaona mashahidi, mpaka iwe dhahiri amepotoka. Sudan ikaja na hoja, mojawapo kwamba baadhi ya madai yalifunguliwa muda ukiwa umekwisha. Mwaka 2017 mahakama ikajibu kwamba utetezi huo ulikuwa wa kuletwa kule chini, na kwa kuwa haukuletwa, umepotea. Hoja ambayo pengine ingeiokoa ikasikilizwa ikiwa imeshakufa.

Lakini kwenye jambo jingine Sudan ilipata. Majaji watatu waliifuta fidia ya kuadhibu, kwa sababu sheria iliyoiruhusu ilitungwa mwaka 2008 na mabomu yalilipuka 1998. Na kulikuwa na swali la tatu, lililonigusa zaidi ya yote: mjane ambaye hakuwapo ubalozini, aliyekuwa nyumbani anapika au sokoni, anaweza kudai kwa maumivu ya moyo? Hilo lilikuwa swali la sheria ya mji wa Washington, si ya shirikisho, kwa hiyo majaji wa shirikisho wakaliandika na kulipeleka kwa mahakama ya juu ya mji, wakasubiri. Mwaka 2018 jibu likarudi: anaweza, hata kama hakuwapo. Majaji wakubwa kuuliza majaji wa mji, na kulifuata jibu lao, kwangu hiyo ni heshima ya mahakama.

Waliopoteza fidia ya kuadhibu wakapanda Mahakama Kuu kabisa ya Marekani. Mlango ule haufunguki kwa haki ya mtu. Unaomba, na majaji wanne kati ya tisa wakikubali, unasikilizwa. Maombi ni maelfu kila mwaka, yanayosikilizwa hayafiki mia. Shauri likaingia kwa jina la Opati, jina la mama Mkenya, dhidi ya Jamhuri ya Sudan. Tarehe 18 Mei 2020 majaji wanane waliolisikiliza, wote kwa sauti moja, wakasema Bunge liliandika waziwazi kwamba sheria ya 2008 irudi nyuma. Jina la Kikenya limeandikwa kwenye vitabu vya sheria vya nchi hii, na mwanafunzi wa sheria wa Harvard atalisoma.

Je, bilioni zile zililipwa? Hapana. Mwaka huohuo serikali mbili zikapatana, Sudan ikatoa dola milioni 335, na Desemba Bunge likapitisha sheria ya kuirudishia sehemu kubwa ya kinga yake. Mgao haukuwa sawa, raia wa Marekani wakipata zaidi ya Wakenya na Watanzania waliofanya kazi nao ofisi moja. Ikabidi Bunge litenge milioni 150 nyingine kwa waathirika waliokuja kuwa raia baadaye. Na yule aliyekuwa anapita njia Nairobi, au aliyekuwa darasani katika jengo la jirani lililoporomoka, ambaye hakuwa raia wala mwajiriwa wa serikali ya Marekani, sheria ile ya kuzishtaki nchi za nje haikumpa hata pa kusimama. Hilo linaniuma mpaka leo, na silioni likirekebishwa na mahakama yoyote.

Nirudi hapa Maryland, kwa sababu mengi yanayotupata si ya bilioni. Ukishtakiwa kwa deni kwenye mahakama ya wilaya ya jimbo, una siku 15 tangu kupokea wito kurudisha karatasi kwamba utajitetea. Ukishindwa, rufaa ni siku 30. Kama dai halizidi dola 5,000, mahakama ya juu yake inasikiliza upya, mashahidi na kila kitu. Likizidi hapo, inasoma mwenendo tu. Kwa kodi ya nyumba ni kali zaidi, rufaa ni siku 4. Nne, ndugu zangu. Ukiisubiri Jumapili umwulize mchungaji, huenda zimekwisha.

Na mwenendo huo unaandikwa kwa Kiingereza. Wakili anauliza, "Hukulipa kodi ya mwezi wa tatu?" Wewe unajibu, "Ndiyo," ukiwa na maana ni kweli, sikulipa. Kwa Kiingereza ndiyo hiyo inageuka kuwa ulilipa. Au unasema ulifika saa mbili, na karatasi inaandika saa nane. Mkalimani mzuri anaomba ruhusa ya jaji, anafafanua. Asipofafanua, inua mkono wewe mwenyewe palepale, kwa sababu jaji wa rufaa hatasikia Kiswahili chako, atasoma tu. Mkalimani ni bure kwenye mahakama za jimbo hili. Omba mapema, usimpeleke mtoto wa darasa la sita akutafsirie.

Nimeingia nyumba nyingi za watu wetu kwa misiba na kwa arusi. Juu ya friji, karibu na jagi la chai, mara nyingi kuna bahasha ya mahakama. Haijafunguliwa. Mwenye nyumba ananiambia anaogopa, au anasubiri siku atakayopata nafasi ya kwenda kuwaeleza kwa mdomo, wamwelewe.

Jumamosi ijayo, kuanzia saa nne asubuhi, nitakuwa ukumbini hapahapa pamoja na wakili aliyejitolea. Chai ipo, na mlango wa chumba cha nyuma utafungwa, hakuna atakayejua nani kaja na nini. Mwenye bahasha aje nayo kama ilivyo.