Usiwashie Jiko Bango la Zamani
(Hotuba kwa wakazi wa mtaa wa Dallas, Embu)



Nyumba nyingi zina sanduku chini ya kitanda. Ndani mna kalenda kuukuu, risiti za kahawa, na pengine bango la maonyesho ya mchongaji sanamu, lililobanduliwa ukutani miaka mingi iliyopita. Siku ya kusafisha nyumba, karatasi hiyo ndiyo huwa ya kwanza kuwashia jiko.

Kabla ya kuitia moto, kumbukeni Paa ya Paa. Jumba hilo la sanaa lilifunguliwa Nairobi mwaka 1965, Elimo Njau akiwa miongoni mwa waanzilishi. Hapo ndipo Samwel Wanjau, aliyewahi kupigana msituni na Mau Mau, alipokuza kazi yake ya uchongaji. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya jumba hilo pamoja na kazi nyingi za sanaa. Sanamu ikiungua, bango lililotunzwa kwa mtu huenda likawa shahidi pekee kwamba iliwahi kuonyeshwa.

Bango hutaja msanii, ukumbi na siku, na mara nyingi mpiga chapa, kwa herufi ndogo pale chini. Likikosa mwaka, tazameni siku ya juma. Kati ya 1965 na 1980, kwa mfano, tarehe 5 Machi ilikuwa Jumamosi mara mbili tu: 1966 na 1977.

Kulitunza si gharama. Nawa mikono, ukaushe. Lilaze bila kulikunja, kati ya karatasi safi, mbali na jua, unyevu na mchwa. Usilibandike kwa selotepu wala kulipaka gundi. Nyuma yake andika kwa penseli lilikotoka na nani alikuwa nalo. Kisha lipige picha.

Anayetaka ushauri anaweza kufika katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi, ambako pia kuna mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa zamani.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la maktaba na makavazi. Lakini kaunti haiwezi kuhifadhi kilichokwisha kuwa majivu. Kazi huanzia chini ya kitanda.