Mlipaji Mmoja wa Huduma za Afya na Barua ya Kutokuwa na Uwezo

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya waganga wakuu wa wilaya, makatibu wa afya na maofisa ustawi wa jamii



Nimeombwa nizungumzie mfumo wa mlipaji mmoja katika kugharamia matibabu. Maoni nitakayotoa ni yangu, si msimamo wa mwajiri wangu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ni hatua kubwa na naiunga mkono. Ila imetuachia kazi moja, ya kuamua nani hana uwezo wa kulipa, ambayo imetushinda tangu 1993, na hiyo ndiyo itakayochukua sehemu kubwa ya muda wangu.

Maana ya mlipaji mmoja mnaifahamu. Ni mfuko mmoja wa umma unaopokea fedha za watu wote na kuwalipa watoa huduma wote. Hospitali yaweza kuwa ya serikali, ya dhehebu au ya mtu binafsi, lakini hundi inatoka mahali pamoja. Taiwan ilianza hivyo mwaka 1995. Korea Kusini ilikuwa na mifuko zaidi ya 350, ikakamilisha kuiunganisha kuwa mmoja mwaka 2000. Kwetu Tanzania safari inajulikana: matibabu bila malipo baada ya Azimio la Arusha, uchangiaji wa gharama mwaka 1993, majaribio ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) Igunga mwaka 1996, kisha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulioanza kazi 2001 kwa asilimia 6 ya mshahara wa mtumishi, nusu yake ikilipwa na mwajiri. Baadaye ikaja CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Mwenye mshahara akawa na mfuko wake, mkulima na wake, na asiye na chochote akabaki na msamaha.

Barua ya mtendaji

Uchangiaji ulipoanza, sera ilisema asiye na uwezo atasamehewa. Tangu siku hiyo ilibidi apatikane mtu wa kuamua nani hana uwezo. Mtu huyo ni sisi maofisa ustawi, tukisaidiwa na mtendaji wa kijiji au mtaa.

Mnajua inavyokuwa. Mgonjwa yuko wodini, gharama zimeshaanza kuandikwa. Ndugu anaambiwa alete barua. Anapanda basi kurudi kijijini, anamkuta mtendaji yuko kwenye kikao wilayani, analala, anamsubiri. Akirudi anatoa mfukoni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, ina muhuri wa wino wa zambarau: "Mtajwa hapo juu ni mkazi wa kijiji changu, hana uwezo, naomba asaidiwe." Nauli ya kwenda na kurudi aliikopa. Kwa wengine nauli hiyo ingetosha kununua dawa iliyoandikwa siku ya kwanza.

Barua ikifika mezani kwangu, naisoma nikijua kwamba aliyeiandika hapati hasara yoyote kwa kuiandika. Mtendaji anawajua watu wake, lakini fedha si zake, na kumnyima jirani barua ni kutafuta lawama. Mimi ninayeamua simjui mgonjwa. Mganga mfawidhi anayetia saini ya mwisho ndiye anayebeba gharama, kwa sababu msamaha hauna kasma. Hakuna anayeirudishia hospitali fedha ya mgonjwa aliyesamehewa. Fedha wanazolipa wagonjwa dirishani ndizo zinazonunua dawa Bohari ya Dawa, kwa hiyo kadiri tunavyosamehe wengi, ndivyo rafu za famasi zinavyobaki tupu. Tumeweka huruma na dawa zigombee mfuko mmoja, kisha tunashangaa hospitali inapokuwa na mkono mzito. Malalamiko ya maiti kuzuiwa mochwari yanaanzia hapa hapa, na yataendelea hata baada ya maelekezo mengi ya Serikali, maana deni halifutwi na waraka.

Wapo wanaosema dawa ni kuwatambua maskini vizuri zaidi: dodoso bora, mfumo wa kompyuta, orodha ya kaya maskini za TASAF. Nimefanya kazi na madodoso hayo na nawaheshimu wanaoyatengeneza, lakini umaskini hautulii kwenye orodha. Mkulima wa korosho Mtwara ana fedha baada ya mnada wa Novemba, na mwezi Machi hana hata ya chumvi. Utamwandika wapi? Nimewahi kumhoji dereva wa bodaboda aliyevunjika paja. Kwenye fomu, kumiliki pikipiki ni alama ya uwezo, na majirani walithibitisha kwamba anayo. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, alikuwa akipeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na siku aliyovunjika tajiri aliichukua akampa kijana mwingine. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika hilo. Ugonjwa wenyewe ndio uliomfukarisha, na fomu ilipima maisha aliyokuwa nayo kabla ya kuanguka.

Majirani zetu wa Kenya walianza na mfuko wa bima ya afya ya jamii, chini ya mamlaka ya SHA, Oktoba 2024. Mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, jambo ambalo ni rahisi. Asiye na ajira rasmi anakisiwa kipato kwa maswali kuhusu nyumba na mali zake, kisha anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Malalamiko makubwa yamekuja upande huo, kama ambavyo ofisa ustawi yeyote angetabiri.

Thailand ilipita njia hii mapema. Tangu miaka ya 1970 ilikuwa na mpango wa kuwatibu bure maskini waliotambuliwa, na maskini wengi hawakufikiwa huku wasiostahili wakiwa na kadi. Mwaka 2002 iliacha kupima. Kila raia asiyekuwa mtumishi wa umma wala mwanachama wa hifadhi ya jamii aliingizwa kwenye mfuko unaolipiwa na kodi, akichangia bati 30 tu kila anapotibiwa. Bado wana mifuko mitatu, hivyo si mlipaji mmoja kamili, lakini barua ya umaskini waliizika.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, napendekeza kwanza kwamba sekta isiyo rasmi ilipiwe na kodi ya jumla pamoja na vyanzo ambavyo sheria imeshavitaja kwa ajili ya wasio na uwezo, kama ushuru wa vileo, vinywaji baridi na vipodozi. Mama ntilie anayenunua sabuni, soda na vocha tayari analipa kodi kila siku. Kumtafuta tena kwa ada ya kaya ni gharama kubwa kwa mavuno madogo, na wanaojitokeza kulipa huwa ni wale ambao tayari wanaumwa.

Pili, mifuko ya umma iunganishwe hatua kwa hatua: kitita kimoja cha msingi, bei moja, fomu moja ya madai. Najua watumishi wa umma wana hofu ya kupunguziwa. Waanze kwa kubaki na nyongeza zao, mradi kitita cha msingi kiwe kimoja. Bima binafsi ziuze nyongeza hizo hizo.

Tatu, kitambulisho cha NIDA au cheti cha kuzaliwa kitoshe kumwingiza mtu kwenye mfuko. Asiyekuwa nacho atibiwe, asajiliwe akiwa kitandani.

Nne, na hapa narudia kwa sababu ndipo penye uzito, msamaha uwe na kasma. Hata kama mlipaji mmoja atachelewa miaka kumi, kila mgonjwa aliyesamehewa alipiwe na Hazina ndani ya robo mwaka ile ile. Mganga mfawidhi akijua atalipwa, hatakuwa na sababu ya kumtuma mtu kijijini.

Tano, barua ya mtendaji isiwe sharti la kuanza matibabu, kwa mgonjwa wa dharura wala kwa mwingine. Ikihitajika, ofisi iitafute kwa simu.

Sita, maofisa ustawi waondolewe kwenye kazi ya kupima uwezo, warudishwe kwa watoto waliotelekezwa, wazee wasio na ndugu na wagonjwa wa akili. Hiyo ndiyo taaluma yetu.

Mwisho, kuanzia mwezi ujao, na hili halihitaji sheria wala fedha, kila hospitali iongeze safu mbili kwenye rejesta ya misamaha: walioomba wakakataliwa na sababu yake, na waliotumwa kufuata barua wasirudi. Rejesta nilizozipitia zina majina ya waliosamehewa peke yao.