Osha Kwanza, Ndipo Upake Rangi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi na wanachama siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya "Elimu na Wajibu wa Kijana". Hotuba hiyo ninayo mfukoni, kurasa sita. Lakini asubuhi nilipita kwenye meza ya wanafunzi wa ufundi, nikabadili nia. Mwenyekiti ataniwia radhi.

Mezani pale mna magari madogo ya kupendeza. Yapo ya waya, yenye magurudumu ya ndala, kama yale tuliyoyasukuma sisi. Na yapo matatu ya rezini, yaliyomiminwa katika kalibu. Niligusa moja, jekundu, rangi ikabaki kwenye kidole changu. Kijana aliyelitengeneza akatazama chini. Kijana, usitazame chini. Mimi yalinipata makubwa kuliko hayo.

Nilizaliwa Mandawa, enzi hizo Ruangwa ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Nachingwea. Marehemu baba yangu alianza kazi akiwa utingo, kisha akawa dereva wa lori la Bedford la rangi ya buluu, akipakia korosho na ufuta kwenda Lindi na Mtwara. Alipostaafu, lori liliuzwa vyuma chakavu. Hakulalamika, ila kila gari lilipopita barabarani aliacha kula akasikiliza injini.

Nilipokuwa nimeanza kazi Dar es Salaam, rafiki yangu alinipatia kisanduku chenye vipande vya rezini vya Bedford ndogo, kipimo cha 1 kwa 43, urefu wake kama kalamu ya wino. Nikasema, hii ni ya baba. Nilikuwa na likizo ya siku chache. Nikaunganisha usiku, nikapaka buluu usiku huohuo, nikapanda basi. Baba aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akapitisha dole gumba juu ya boneti. Rangi ikabanduka yote kama ganda la kitunguu. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, gari hili hukuliosha."

Nilikuwa na shahada ya Chuo Kikuu. Yeye aliishia darasa la nne. Lakini alijua kilichonipita.

Sasa sikilizeni sababu. Rezini ni maji ya aina mbili yanayochanganywa, yakamiminwa ndani ya kalibu ya mpira, yakagandamana. Ili kipande kitoke bila kuraruka, kalibu hupakwa kwanza mafuta au nta. Kazi ya mafuta hayo ni moja tu: kuzuia kitu kisishike. Kipande kikitoka, hutoka nayo juu ya ngozi yake, wala huyaoni kwa macho. Ukipaka rangi juu yake, mafuta yanaendelea na kazi yao ileile. Yalizuia rezini isishike kalibu, na sasa yanazuia rangi isishike rezini. Ongeza jasho la vidole na vumbi la msasa, rangi itashika nini?

Basi fanyeni hivi. Kwanza kateni mabaki ya kumiminia kwa kisu kidogo, mkasugue mishono kwa msasa wa maji. Sugueni kukiwa na maji, maana vumbi la rezini kavu si zuri kwa mapafu. Na anayesugua afunike pua na mdomo. Matundu ya viputo vya hewa yazibeni kwa puti, ikauke, msugue tena.

Halafu ndiyo kuosha. Chukueni maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Nasema uvuguvugu, kwa sababu maji ya moto hulegeza rezini, na mlango wa gari ukipinda hautaingia mahali pake. Loweka, kisha sugua kwa mswaki wa zamani, hasa kwenye pembe na mifereji ya taa. Suuza kwa maji safi mara mbili. Weka beseni chini, vipande vidogo visiende na maji.

Jaribio lake ni rahisi. Mwagia kipande maji. Yakijikusanya matone matone, kama juu ya jani la gimbi, mafuta bado yapo; rudi kwenye sabuni. Yakitandaa sawasawa, umemaliza. Kiache kikauke kivulini hadi kesho yake, na tangu hapo usikishike kwa mikono mitupu. Mwenye spiriti apanguse kidogo kwa kitambaa safi, mbali na moto, baada ya kujaribu kwenye kipande cha kutupa. Petroli na tina msiguse, huweza kuyeyusha uso. Mwisho praima nyembamba, ikauke, ndipo rangi.

Wala hili si jambo geni kwetu. Rezini ya kale ya pwani yetu ni sandarusi. Katika karne ya 19 ilichimbwa ardhini kutoka pwani hii, Kusini ikiwamo, ikapitia Unguja hadi Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi, pamoja na ile ya kung'arishia magari ya farasi. Ilipotoka ardhini ilikuwa na gamba la mchanga. Ilioshwa kwa maji ya magadi mpaka uso wake ukaonekana una vipele, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kuosha huko ilifanyika Salem. Sisi tulichimba, wao wakaosha, na thamani iliyoongezwa na kuosha ikabaki kwao.

Ndugu zangu, mimi ni mtumishi wa serikali. Niliwahi kuweka sahihi yangu kupokea jengo lililopakwa rangi kwa haraka juu ya ukuta wenye chumvi, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa njiani. Masika ya kwanza, rangi ilianguka. Siku ile nilikumbuka dole gumba la baba, nikaona haya. Nilikuwa nimefundishwa, na nilirudia kosa.

Ile Bedford niliirudisha Dar es Salaam. Nikabandua rangi yote, nikaosha kama nilivyowaeleza, na kazi ya usiku mmoja ikachukua wiki tatu. Nilipoileta tena Mandawa, baba alipitisha dole gumba juu ya boneti mara mbili, akibonyeza. Hakusema neno. Akaiweka juu ya redio, mahali ambapo hakuruhusu mtu kuweka kitu. Ipo pale hadi leo, yeye hayupo, na buluu yake haijabanduka.

Kijana wa gari jekundu, njoo unione baada ya chakula. Nimeomba jikoni beseni na sabuni.