MTIHANI WA KANUNI: TUJIANDAE PAMOJA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumepewa nafasi jioni hii tuseme juu ya mtihani wa kanuni, ule ambao bila kuupita mtu hawezi kuwa dereva wala gadi wala stesheni masta. Wengi wetu tumefanya kazi ya reli miaka kumi na zaidi. Twajua kufunga mabehewa, twajua kushika bendera, twajua mlio wa injini inayoshindwa na mlima. Lakini tukiitwa mbele ya meza na kuulizwa, "Kanuni yasemaje?" ulimi hukauka. Mtu hurudi katika ngazi ile ile ya mshahara, na kijana aliyekuja juzi humpita. Si kwamba hatujui kazi. Kazi tumeishika mikononi, nao mtihani waitaka mdomoni na katika karatasi.

Kwanza tusiuchukie mtihani wenyewe. Kanuni za reli hazikutungwa na makarani waliokosa kazi. Nyingi ziliandikwa baada ya watu kufa.

Tazameni jambo hili. Mwaka 1874, mahali paitwapo Thorpe, huko Uingereza, palikuwa na njia moja tu ya reli. Karani wa telegrafu alipeleka ruhusa ya gari kuondoka, na ruhusa hiyo ilikuwa haijatiwa sahihi na mkubwa wake. Magari mawili yakakutana uso kwa uso usiku, na watu zaidi ya 20 wakafa. Miaka minne baadaye, mwaka 1878, Edward Tyer alipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya umeme inayotoa kibao kimoja tu kwa kipande kimoja cha njia. Dereva asiye na kibao haingii. Basi mwenye mtihani akiuliza, "Kwa nini ruhusa lazima iandikwe na kutiwa sahihi?" jibu si "kwa sababu kitabu kimesema." Jibu ni kwamba katika njia moja, kipande kimoja ni cha gari moja, na neno la mdomo halina ushahidi.

Tena mwaka 1889, karibu na Armagh katika Ireland, gari lililojaa watoto na wazazi wao lilishindwa kupanda mlima. Wakalikata vipande viwili ili sehemu ya mbele itangulie. Mabehewa kumi ya nyuma yakaachwa yakishikwa na breki ya mkono ya gadi na mawe chini ya magurudumu. Breki ya gari lile haikuwa ya kujifunga yenyewe bomba linapokatwa. Sehemu ya mbele ilirudi nyuma kidogo, ikayagusa mabehewa, mawe yakapondwa, nayo mabehewa yakateremka mpaka yakagonga gari lililokuwa likija nyuma. Watu 80 walikufa. Mwaka ule ule serikali ya Uingereza ilitunga sheria ya kulazimisha breki za kujifunga zenyewe katika magari ya abiria.

Na hapa kwetu, mwishoni mwa Januari 1993, daraja la Ngai Ndethya katika njia ya Mombasa na Nairobi lilichukuliwa na mafuriko, gari la abiria likatumbukia mtoni, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Kwa hiyo swali la "Ufanye nini ukiona maji yamepanda kwenye tuta?" si swali la kupitisha wakati.

Sasa, tujiandae vipi?

Jambo la kwanza, tusome kidogo kidogo, tena mapema. Mtu wa zamu hawezi kusoma saa nne kwa mara moja, macho yatafumba. Lakini nusu saa kila siku, kwa siku sita za juma, ni saa tatu. Kwa majuma kumi ni saa thelathini. Haba na haba hujaza kibaba. Wale wanaongoja mpaka juma la mwisho humeza kanuni kama dawa chungu, na siku ya tatu zimekwisha kutoka.

Jambo la pili, tusome kitabu chenyewe, si maneno ya wazee wa yadi. Wazee tunawaheshimu, wametufundisha mengi. Lakini kanuni hubadilishwa, na mzee aweza kukupa hesabu ya zamani. Mfano ni kulinda gari lililokwama njiani. Gadi hurudi nyuma na bendera nyekundu au taa nyekundu, akaweka fataki juu ya reli ili dereva ajaye asikie mlipuko hata kama kuna ukungu. Ni fataki ngapi, na kwa umbali gani? Hesabu hizi hutofautiana kati ya reli na reli. Shika ile ya kitabu cha reli yako, na uhakikishe masahihisho yote ya karibuni yamebandikwa ndani.

Jambo la tatu ni lugha. Kitabu ni cha Kiingereza, na wengi wetu tuliacha shule ya misheni kabla Kiingereza hakijakolea. Hii si aibu. Kila mmoja awe na daftari ndogo. Neno gumu aliandike upande mmoja, na maana yake kwa Kiswahili upande wa pili. Zaidi ya hayo tuangalie maneno madogo. Liko neno la kuamuru na liko neno la kuruhusu. Kanuni ikisema dereva "lazima asimame," hana hiari. Ikisema "anaweza kuendelea," kuna masharti, nayo huwa yameandikwa chini yake. Na popote palipoandikwa "isipokuwa," pigeni mstari, kwa maana hapo ndipo maswali mengi hujificha.

Jambo la nne, tusome kwa vikundi vya watu wanne. Mmoja aulize, mmoja ajibu kwa sauti, wa tatu ashike kitabu na kusahihisha, wa nne aulize, "Kwa nini?" Kisha mbadilishane. Mtu akijibu, ajibu kwa mpango: kwanza nafanya hili, pili hili, tatu namwarifu fulani. Chukueni swali la kujaribu breki kabla ya kuondoka. Dereva hujaza bomba la breki. Gadi aliye mwisho wa gari hutazama saa yake ya kipimo kama nguvu imefika. Kisha hufungua na kutoa kidogo, na dereva huona kipimo chake kikishuka. Hapo wote wawili wamejua kwamba bomba ni moja tangu injini mpaka behewa la mwisho, na hakuna bomba lililofungwa katikati. Mtu aliyelieleza jambo hilo mara tano mbele ya wenzake hatatetemeka mbele ya inspekta.

Jambo la tano ni hesabu. Tusiiogope. Gari limekwenda kilomita 42 kwa saa 1 na dakika 24. Mwendo wake ni nini? Dakika 24 ni sehemu 4 kati ya 10 za saa. Basi gawanya 42 kwa 1.4, upate kilomita 30 kwa saa. Mlima wa 1 kwa 50 maana yake kila mita 50 za njia, gari limepanda mita 1. Katika kilomita 2 limepanda mita 40. Njia yetu ya zamani huanza baharini Mombasa, na hufika zaidi ya futi 5,400 pale Nairobi, na karibu futi 9,000 pale Timboroa. Kwa nchi kama hii, asiyejua hesabu ya mlima na uzito hajui breki.

Jambo la sita ni macho. Huko Sweden mwaka 1875 magari yaligongana Lagerlunda, na daktari Holmgren akasema huenda mtumishi mmoja hakuweza kutofautisha rangi. Tangu hapo reli nyingi zilianza kupima macho ya rangi. Kuna watu hujaribu kukariri namba za kile kitabu cha madoa ya rangi. Ndugu zangu, msifanye hivyo, wala msimsaidie rafiki kufanya hivyo. Aliyekariri madoa hatakariri taa za usiku. Macho yakikataa, mwenzetu asaidiwe kupata kazi nyingine yenye heshima na mshahara, na hilo ni jukumu la chama.

Siku ya mtihani, usitoke zamu ya usiku ukaenda moja kwa moja mezani. Omba kubadilishana na mwenzako mapema. Soma swali mara mbili. Usilolijua liache, endelea na jingine, kisha urudi.

Mwisho, ndugu Mwenyekiti, tusema neno kwa upande wa wakubwa pia. Kufaulu ni kazi ya mtahiniwa, lakini si yake peke yake. Tunaomba chama kidai mambo manne. Kila mfanyakazi apewe kitabu chake mwenyewe, si kimoja kwa watu kumi. Anayefanya mtihani apewe siku ya kupumzika kabla yake. Kanuni za usalama zipatikane kwa Kiswahili pia, kwa kuwa hatari ikija usiku watu huitana kwa Kiswahili. Na anayeshindwa aambiwe ameshindwa wapi, kwa maandishi, apate kusahihisha. Mtu akiambiwa "umeanguka" tu, hajafundishwa kitu, na wivu na fitina huzaliwa hapo.

Kikundi cha kwanza kitaanza Jumatano ijayo baada ya zamu ya mchana. Kuuliza si ujinga. Aje na daftari, na kalamu, na mwenzake mmoja.